Jibu: Nianzie wapi kumsikiliza Umm Kulthum?

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kumsikiliza Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, na kwa nini rekodi ya wimbo wake "Enta Omri" uliyoipata ina dakika nane tu wakati wengine wanasema inafika saa nzima. Hiyo yako imekatwa, iache. Tafuta rekodi ya jukwaani.

Umm Kulthum akiimba mbele ya watu alirudia mstari kila waliposhangilia, na kila mara aliugeuza: anavuta neno, anabadilisha pambo la sauti, bendi inamfuata. Ndiyo maana wimbo uleule unatofautiana urefu usiku hadi usiku. Ukikata marudio umebaki na mifupa.

Anza na hiyohiyo "Enta Omri" ya 1964, kazi yake ya kwanza na mtunzi Mohamed Abdel Wahab. Usiruke utangulizi wa ala hata kama unachukua dakika kadhaa. Ndimo gitaa la umeme linapoingia. Aliyelelewa na taarabu ya Unguja atazitambua mara moja fidla, kanuni (ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa), udi (ala ya nyuzi kama gitaa) na nai (filimbi ya mwanzi).

Kisha "Al-Atlal" ya 1966, muziki wa Riad al-Sunbati, shairi la Ibrahim Nagi. Ni Kiarabu fasihi, kwa hiyo pata tafsiri kwanza, la sivyo hutaelewa kwa nini ukumbi unalipuka anapodai uhuru wake.

Nyimbo za filamu zake, kuanzia "Widad" (1936) hadi "Fatma" (1947), ziweke mwisho. Ni fupi, na sauti ni ya ujana, nyepesi zaidi.