Jibu: Fermata ya mizani ya 59, Adagio ya Mozart K. 622

Habari ndugu. Swali lako kuhusu Adagio, sehemu ya polepole ya konseto ya klarineti ya Mozart (K. 622), ni hili: kwenye fermata (alama ya kusimama) ya mizani ya 59 upige kadenza ndefu (kipande cha mpiga solo peke yake) au uipite tu?

Angalia kwanza besi ya okestra. Kadenza kamili husimama juu ya kordi ya 6/4 (kordi ya nyumbani yenye nota yake ya tano kwenye besi). Hapa kuna dominanti yenye saba (kordi inayovuta kurudi nyumbani), kwa hiyo panahitaji kiunganishi kifupi tu cha kurudi kwenye wimbo, kisichozidi pumzi moja. Kwa klarineti ya A, zunguka kwenye C, E, G na B bemoli (kama zilivyoandikwa), kisha tua kwenye C inayoanzisha wimbo. F, nota ya nyumbani, usiitilie mkazo, utakuwa umefika kabla ya okestra. Nota tatu za mwisho zipunguze kasi kondakta akuone. Ukizikimbiza, ala za nyuzi zitaingia kwa kubahatisha.

Wimbo mara ya kwanza uache mtupu, tafadhali! Ukirudi, nakshi mbili tatu zinatosha, wala si kwenye nota ya kilele.

Linganisha pia matoleo. Muswada wa Mozart ulipotea, na sehemu aliyomwandikia mpiga klarineti Stadler mwaka 1791 kwa klarineti ya baseti (inayoshuka chini zaidi) ilibadilishwa iendane na klarineti ya kawaida, hasa nota za chini.