Siurana majira ya baridi: maswali yenu kuhusu kamba, jua na vidole vilivyoganda

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu Siurana, kijiji cha kale cha Catalonia, Hispania, kilichojengwa ukingoni mwa genge la mawe ya chokaa, ambako watu huenda kukwea miamba kwa kamba. Tumeziunganisha zilizofanana.

Tunakwenda wiki ya mwisho ya Desemba, siku nne. Mmoja katuambia huo ndio msimu wenyewe, mwingine katuambia tutaganda. Nani mkweli?

Wote wawili, ila kila mmoja anazungumzia upande wake wa jabali. Kijiji kiko takriban mita 737 juu ya usawa wa bahari. Usiku magari huamka na barafu kwenye vioo. Saa sita mchana, kwenye ukuta unaopigwa na jua na usio na upepo, watu hukwea na fulana. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia ya kukwea, angalieni jua liko wapi na upepo unatoka wapi. Mestral, upepo wa kaskazini-magharibi, ni mkavu na mkali. Ukuta wenye jua uliokaa wazi mbele yake utawatesa kuliko mnavyodhani. Majina ya baadhi ya sekta, yaani sehemu za kuta za kukwea, yanasaidia: Siuranella, ng'ambo ya bonde, imegawanywa kwa pande, Est ikiwa mashariki na Sud kusini.

Siku ni fupi. Jua huchomoza saa mbili na robo hivi asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni. Kivuli kikishafika ukutani, dakika kumi tu zinatosha kuwatia kwenye makoti. Njia ngumu ya siku iwekeni saa tano hadi saa nane, na taa ya kichwani isitoke kwenye begi.

Mbona basi wakweaji hodari hukimbilia kivulini? Kwa sababu kidole kisichotoa jasho hung'ang'ania jiwe. Lakini kuna kikomo: ngozi ikipoa na kukauka kupita kiasi huwa ngumu na kuteleza kama nailoni. Dawa si kuongeza chaki, ule unga wa kukausha mikono. Pumulia ncha za vidole mara mbili tatu ndipo ushike.

Vidole vyangu hufa ganzi kwenye njia ya kwanza, halafu nikishuka vinauma mpaka nataka kutapika. Nina ugonjwa?

Kwa wengi hiyo ni damu inayorudi kwa kishindo kwenye mishipa iliyokuwa imejibana. Ila vidole vikibadilika rangi na kubaki vyeupe hata ukiwa ndani kwenye joto, muone daktari.

Ujanja wa kuzuia ni kuyamaliza maumivu hayo mapema, tena mahali salama. Tembea kwa kasi au panda mteremko dakika kumi na tano ukiwa na koti, ukizungusha mikono. Kwea boliti (vyuma vilivyopigiliwa mwambani) tatu au nne za njia rahisi, shuka, tia mikono kwapani na usubiri maumivu yapite. Kisha anza upya. Safari ya pili damu kwa kawaida hubaki vidoleni. Usiruke hatua hii ukaenda moja kwa moja kwenye vishikio vidogo: kidole chenye ganzi hakikuambii kimebeba uzito kiasi gani, na kano za kidole cha pete ndizo hukatika, mara nyingine kwa mlio unaosikika mpaka chini.

Viatu vya kukwea navyo viwekwe ndani ya koti mpaka dakika ya kuvivaa. Mpira wake ukipoa huwa mgumu na haushiki vizuri.

Na mshika kamba, yule anayebaki chini akimshikia mkweaji kamba? Huyo ndiye anayeganda kweli, maana yeye amesimama tu. Mpeni koti nene, glavu zenye kiganja cha ngozi na kipande cha mkeka cha kukanyagia. Koti lisifunike kifaa cha breki, kile kinachozuia kamba, na uzi wa kukazia koti kiunoni usining'inie: tumeshaona uzi huo ukimezwa na kifaa pamoja na kamba ya kukwelea, mkweaji akabaki ananing'inia hapandi wala hashuki.

Kamba yetu ni ya mita 60. Inatosha?

Kwa baadhi ya njia, ndiyo. Hesabu ni nyepesi: kamba hupanda mpaka nanga, yaani pete zilizo mwisho wa njia juu, na kurudi chini, kwa hiyo njia ya mita 28 hula mita 56, na fundo la mkweaji na nafasi ya mshika kamba vyote vinataka sehemu yao. Njia ya mita 32 inataka 64, nanyi hamnazo. Chukueni ya mita 70, au ya 80 mkitaka uhuru zaidi. Kama kamba iliwahi kukatwa ncha zilizochakaa, ipimeni upya. Maandishi ya kiwandani hayana maana tena.

Ncha ya chini ifungwe fundo kila mara, hata kwenye njia ya mita 15. Ajali ya kawaida hapa haitokani na kamba kukatika. Mshika kamba anateremsha huku macho yake yakiwa juu, ncha inapita kwenye kifaa, na mwenzake anaanguka mita zilizobaki.

Zile karabina (pete za chuma zenye mlango) mbili zilizounganishwa kwa utepe, ambazo Wahispania huziita cintas exprés, chukueni 16, na mbili za ziada kwa nanga.

Nikifika juu nikakuta pete mbili zilizofungwa, nashukaje bila kuacha vifaa?

Jifunze hili ukiwa nusu mita kutoka ardhini, na mtu anayelijua akikuangalia. Jifunge kwa tepe (vitanzi vya utepe imara) kwenye boliti zote mbili, kisha ukae. Usimwambie mshika kamba akuachilie, abaki amekushika. Vuta kamba kidogo kutoka kiunoni, ikunje, pitisha kunjo hilo kwenye pete zote mbili. Lifunge fundo la nane (lenye umbo la tarakimu 8), lishikize kwa karabina ya kufunga kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi, ule mkanda wa kukwelea wa kiunoni na mapajani, ukaze kufuli. Sasa ndipo ufungue fundo lako la zamani na kuuvuta mkia upite. Mwambie mshika kamba akaze, uning'inie kwenye kamba huku tepe zikiwa bado zimefungwa, tazama kila kitu tena, ndipo uzitoe.

Kunjo likikataa kupita kwa sababu pete ni nyembamba, mbinu ni nyingine na inataka kufundishwa ana kwa ana. Katika mbinu hii tuliyoeleza, hakuna hata sekunde moja ambayo umefunguka kamba. Ukijikuta umefunguka, umekosea mpangilio.

Kwenye ukumbi wa kukwea nakwea njia za daraja 6b bila shida. Rafiki kaniambia Siurana nitaaibika kwenye 6a. Ananitisha?

Hakutishi. Madaraja, yaani vipimo vya ugumu wa njia, ya Siurana yana sifa ya ukali. Kuta nyingi zimesimama wima au zimeinama kidogo tu. Vishikio ni vidogo, na miguu ndiyo inayofanya kazi. Siku ya kwanza anza na 5 hadi 5+. Ukisikia watu chini wanakupigia kelele "A muerte!", yaani mpaka kifo, usishtuke: wanakutia moyo.

Mke wangu hakwei. Atafanya nini?

Ana mengi kuliko wewe. Siurana ilikuwa ngome ya mwisho ya Waislamu Catalonia, ikaanguka mwaka 1153. Magofu ya ngome yapo, na kanisa la mawe la Santa Maria. Hadithi ya wenyeji husema malkia alijitupa gengeni na farasi wake asitekwe, na ukingoni huonyeshwa alama ya kwato. Shukeni wote jioni moja mkatazame ukuta wenye La Rambla, njia ngumu maarufu: Alexander Huber aliikwea mwaka 1994, na mwaka 2003 Ramón Julián Puigblanque akaifikisha juu zaidi, daraja 9a+.

Akisimama ukingoni asirushe jiwe hata la mchezo. Kuna watu chini, na ndiyo sababu helmeti huvaliwa na mshika kamba pia.

Chakula je?

Nunueni Cornudella de Montsant, kilomita 9 hivi chini kwa barabara ya kona. Maduka hufungwa mchana kwa saa kadhaa, na tarehe 25 na 26 Desemba, 1 na 6 Januari ni sikukuu, kwa hiyo jazeni begi tarehe 24 asubuhi. Gari liachwe kwenye maegesho kabla ya kijiji, tupu, bila begi kitini. Dharura pigeni 112, mkitaja jina la sekta, kwani kusema "Siurana" tu kutawapeleka waokoaji ng'ambo isiyo yenu ya bonde.