Vuta N'kuvute kwa kidato cha sita: aanze na kamba, orodha ya tamathali itafuata

Mkuu, umeandika kwamba mdogo wako yuko kidato cha sita, zimebaki wiki tatu, tamathali za semi zote amezimeza kama sala, ila akikutana na swali la riwaya ya Vuta N'kuvute anasimulia hadithi mwanzo mwisho mpaka karatasi inaisha. Nimecheka, lakini siyo kwa dharau. Huyo ni mimi kabisa wa enzi hizo. Baadaye nikafundisha Kiswahili miaka 9 kwenye shule ya bweni huku kanda ya ziwa, na kila mwaka nilimkuta mdogo wako darasani, amebadilisha jina tu.

Mimi nilikuwa na ugonjwa wa upande wa pili. Sikusimulia, niliorodhesha: "Mwandishi ametumia tashibiha, sitiari, tashihisi, takriri, tafsida, mubaalagha..." Ukurasa ukajaa. Mwalimu akashusha mstari mwekundu kutoka juu hadi chini, na pembeni akaandika neno moja: "Wapi?" Lile daftari ninalo mpaka leo.

Sasa nikueleze nilivyokuja kufundisha. Fungua ukurasa wa kwanza wa riwaya. Adam Shafi anatuonyesha uso wa Yasmini, kijiuso cha duara, anaufananisha na tungule. Nikauliza darasa, tungule ni nini? Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akajibu kwa kujiamini kwamba ni tunguli la mganga. Wenzake wakaangua kicheko, ila nilipowabana nikagundua karibu nusu ya darasa walikuwa wamesoma hivyohivyo, wakapita, wakaandika "tashibiha" kwenye daftari na kuhesabu kazi imekwisha. Yaani binti amepewa uso wa kibuyu cha dawa na hakuna aliyeshtuka!

Tungule kwa Wazanzibari ni nyanya. Ukishajua hivyo, tashibiha inaanza kufanya kazi. Nini kimefananishwa na nini, na kwa nini hicho? Nyanya ni ya duara, inang'aa, ngozi yake laini, na ukiibonyeza vibaya inapondeka. Na huyu ni binti wa miaka 15 anayeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume aliyekwisha kuvuka miaka 50. Kupondeka hakukuandikwa pale, hiyo ni tafsiri yangu, lakini mwanafunzi akiitetea kwa mifano kutoka kitabuni nampa alama zake. Kwa hiyo mwambie akitaja tamathali yoyote ajibu mambo matatu: iko wapi, inasema nini, inamsaidia nini mwandishi. Tano zenye majibu hayo zinashinda ishirini zilizopangwa kama bidhaa za duka.

Kwa wahusika, jina la kitabu lenyewe limeshampa ufunguo. Vuta n'kuvute, huku na huku wanavutana kamba. Nilikuwa nachora kamba ubaoni, katikati naandika jina la mhusika, kisha nauliza: nani anamvuta huku, nani anamvuta kule, na yeye mwenyewe anamvuta nani? Chukua Yasmini. Upande mmoja kuna ndoa aliyopangiwa, ukoo, na heshima ya Wahindi wenzake. Upande wa pili kuna Mwajuma, ngoma na taarab za Ng'ambo, mtaa wa Waswahili mjini Zanzibar, kisha Denge na siasa zake za kupinga ukoloni. Hapo umeshapata migogoro: wa kifamilia, wa rangi na tabaka, wa kisiasa dhidi ya Mwingereza. Na hukukariri kitu.

Kinaya nacho kinajitokeza chenyewe kwenye kamba hiyo. Yasmini anapomkimbia mume, ndugu wa damu wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili wa Ng'ambo, asiye na mali wala undugu naye. Tuliyemtarajia avute ameachia kamba, na tusiyemtarajia ndiye aliyeishika. Mwanafunzi akiliona hilo hahitaji tena maana ya kinaya ya kwenye "notsi".

Aina za wahusika ndipo wengi wanapochemka. Wanadhani mhusika mkuu lazima awe duara. Hapana. "Mkuu" ni nafasi yake katika hadithi, "duara" na "bapa" ni namna alivyojengwa: duara hubadilika kadiri hadithi inavyokwenda, bapa hubaki vilevile. Yasmini ni mkuu na ni duara: anaanza akiwa binti wa kuamuliwa, anaishia mwanamke anayeamua, hadi anaolewa na Bukheti aliyemtaka mwenyewe. Denge je? Msomi aliyerudi kutoka Urusi, anasakwa, anafungwa, lakini msimamo wake wa kupinga ukoloni ni uleule. Kwa macho yangu huyo anaelekea kwa bapa sugu, ingawa ana uzito mkubwa kitabuni. Nimebishana na walimu wenzangu juu ya hili na wengine hatukupatana, sawa tu. Msahihishaji anataka kuona hoja. Inspekta Wright na Koplo Matata, polisi wa mkoloni, wao hawana shida, hasa Matata: jina limeshakwambia kazi yake, ni bapa kielelezo. Mwajuma ni mhusika msaidizi, lakini asimpitie haraka. Maswali ya nafasi ya mwanamke yanajibika vizuri sana kwake, na watoto wote wanakimbilia kwa Yasmini.

Mandhari asiandike "Zanzibar" akaishia hapo. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili, na zamani mkono wa bahari uliitenga kweli na Mji Mkongwe. Jina Darajani limetokana na daraja la kuvukia pale. Kwa hiyo Yasmini anapohamia Ng'ambo amevuka maji, amevuka tabaka, amevuka rangi. Nilikuwa na mwanafunzi aliyetoka Unguja, ndiye aliyetusimulia jambo la Darajani, na siku hiyo mwalimu nilikuwa mimi niliyekaa kwenye dawati.

Mambo madogo. Filamu ya 2021 aitazame baada ya mtihani, maana riwaya ya 1999 ina mengi ambayo filamu haikuyabeba, na mtihani unauliza riwaya. Akikuta maelezo mtandaoni yanasema "tashbihi" na "istiara" asidhani ni vitu vipya, ni Wakenya hao, sisi tunasema tashibiha na sitiari. Na zile "notsi" za kununua stesheni, zenye majina ya wahusika yaliyokosewa, azifungie maandazi.

Wiki tatu zinatosha. Usiku wa leo achukue karatasi moja, achore kamba ya Mwajuma, maana ndiye wanayemruka. Kesho Denge. Akikwama kwa Bukheti, piga picha karatasi yake uiweke hapa, tutamvuta pamoja.