Mwizi Huyu Anajua Tarehe ya Kufungua Shule

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Makorora hapa Tanga na mke wangu, watoto watatu na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayeendesha bodaboda. Nafanya kazi bandarini, kipato si haba. Kuna kitu kinanila akauntini. Nimechukua taarifa ya benki ya Januari hadi Juni nikakuta pesa zimetolewa kwenye mashine mara saba bila mimi kujua: 80,000 tarehe 9 Januari, 40,000 Februari, 60,000 mara mbili Machi karibu na Idi, 100,000 Aprili kwenye mashine ya Muheza, 50,000 Mei na 40,000 Juni. Jumla 430,000. Kadi iko kabatini, siitumii, mambo yangu namaliza kwa simu. Meseji za benki hazinifikii tangu nibadilishe laini. Namba ya siri haijui mtu, isipokuwa mwaka jana nilipolazwa Bombo nilimtuma mke wangu mara moja tu. Yeye namuamini, hana tamaa. Hata elfu saba ninayomwachia kila siku hajawahi kuinung'unikia. Rafiki yangu anasema hii ni chuma ulete, kanielekeza kwa mtaalamu Pangani anayetaka laki tatu. Mimi namshuku shemeji, au watu wa benki. Nimfukuze shemeji? Kikulacho ki nguoni mwako.*

*Niliyeibiwa, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pesa ya jasho ikiondoka bila kuaga inauma, hilo halina ubishi. Pole yangu imeishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimecheka palepale, penye neno "isipokuwa".

Namba haijui mtu, isipokuwa mke. Kadi haigusi mtu, iko kabatini, chumbani mnamolala wawili. Halafu unataka kumfukuza kijana wa watu na pikipiki yake! Nilijua tu shemeji atatajwa. Kwenye nyumba za siku hizi kijiko kikipotea, ndugu wa mke ndiye wa kwanza kupekuliwa.

Tuanze na huyo mtaalamu wa Pangani. Chuma ulete tumelelewa nayo, tunaisikia kwenye droo za maduka na mikoba ya kina mama sokoni. Lakini mashine ya benki haimjui jini. Inataka kadi na tarakimu nne, au ile namba ya muda inayoletwa kwenye simu kwa anayetoa bila kadi, na kila ikitoa noti inaandika siku, saa na mahali. Na kama jini anaweza kuingia akauntini, kwa nini achukue arobaini elfu aiache milioni? Maana hukusema imebaki kiasi gani, mwanangu. Mtu aliyefilisiwa huanza na hilo.

Mwizi wa kadi wa kweli hana haya hizo. Akishainakili kadi na kuiona namba yako ulipokuwa unabonyeza, hutoa mpaka mashine imkatalie. Wengine hutoa mara moja kabla ya saa sita usiku na mara nyingine dakika chache baadaye, kwa kuwa kikomo cha siku kimeanza upya. Hangoji Idi. Haendi Muheza.

Sasa nifuate kwa utaratibu. Tarehe 9 Januari, elfu themanini. Siku hizo shule zinafungua. Elimu bila ada tunayo tangu 2016, na shukrani, lakini sare, viatu na daftari za watoto watatu haviji bure. Ulitoa wewe? Mbona hukuandika? Machi mara mbili, karibu na Idi: nguo za watoto na futari ya mwishoni. Aprili, laki moja, Muheza. Mkwe wako anakaa wapi, mwanangu? Umeniandikia mpaka kazi ya shemeji, lakini kwao mke wako ni wapi hukugusa. Mimi nitabahatisha: ni Muheza, palikuwa na mgonjwa au msiba, na ulipoombwa nauli ulisema mwezi mbaya.

Mwizi anayejua tarehe ya kufungua shule, huyo si mwizi. Huyo ni mama watoto.

Na hiyo elfu saba uliyoitaja kwa kujisifu ndiyo iliyomaliza kesi. Watu sita. Toa kilo moja na nusu ya mchele, nazi mbili, fungu la vibua, mkaa, mafuta ya kupimiwa. Hujafika kwenye kitunguu, na chai ya asubuhi hujaipika. Nenda sokoni Mgandini Jumamosi hii na elfu saba yako mkononi, uje na chakula cha watu sita kutwa nzima, kisha uniandikie. Unasema hajawahi kunung'unika. Kunyamaza kwa mwanamke anayepika kila siku kwa pesa isiyotosha hakukukutisha? Samaki wa pili sahanini mwako alikuwa anatoka wapi?

Utaniambia hata hivyo ni kuchukua bila ruhusa. Hindi binti Utba alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshtakia mumewe, Abu Sufiani, kuwa ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na mwanawe ila anachochukua bila mume kujua. Akaruhusiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe, kwa wema. Kwa wema maana yake si kuzoa. Arobaini, hamsini, sitini: mkeo anajua kupima. Na kama hutaki ya msikitini, chukua ya mahakamani: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtwika mume makazi, mavazi na chakula cha mkewe kulingana na uwezo wake. Uwezo wako umeusema mwenyewe, si haba.

Bibi zetu walifunga pesa kwenye pindo la kanga, mume akiona fundo anajua nyumba ina akiba. Walicheza upatu na mume alijua siku ya kupokea. Siku hizi kila mtu ana namba yake ya siri: ya simu, ya benki, ya ile laini nyingine inayozimwa ikifika saa moja jioni. Mnalala kitanda kimoja kama abiria wa basi la usiku, kila mmoja kakumbatia mkoba wake. Kisha mnashangaa watoto wamejifunza kujibu "sijui" wakiulizwa lolote.

Mkeo naye ana lake. Angesema. Akiniandikia nitamwambia.

Ukiwa bado hauniamini, nenda benki kesho na kitambulisho. Waifunge kadi, ubadili namba ya siri, uandike malalamiko kwa maandishi ukitaja kila tarehe, na uombe waangalie picha za kamera ya mashine mapema, kwa kuwa hazitunzwi milele. Wakikuzungusha, Benki Kuu hupokea malalamiko ya wateja walioshindwana na benki zao. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Lakini fikiria kwanza utakavyokaa kwenye kiti hicho, karani akikugeuzia kioo cha kompyuta, "Huyu unamfahamu?" na wewe unaitambua kanga uliyoinunua mwenyewe. Benki haitakurudishia hata senti, kwa kuwa namba uliitoa kwa mdomo wako, kitandani Bombo. Na habari itafika Makorora kabla yako.

Mimi ningefanya hivi. Usiku, watoto wakishalala, muulize mkeo swali moja: "Nyumba hii kwa siku inakula shilingi ngapi?" Usitaje benki. Usitoe lile karatasi. Akishakupigia hesabu, ongeza. Ile laki tatu ya mtaalamu unayo tayari, anzia hapo. Shemeji mwache alale kwa amani, na siku moja moja mwombe akupeleke kazini, umlipe.

Na hiyo laini uliyobadilisha, sababu hukuiandika. Barua ya pili naisubiri.