Nilitibiwa nikapona, sasa dalili zimerudi

SWALI: Shikamoo Mama Nesi. Nina miaka 34, nauza dagaa Mwaloni, Mwanza. Mwezi wa tano nilitokwa na uchafu wa kijani wenye harufu, na nikikojoa ni kama nimepakwa pilipili. Zahanati walinihoji, wakanichoma sindano moja na kunipa vidonge vya siku saba. Walinipima na VVU, wakasema sina. Nikapona kabisa. Mume wangu anavua visiwani. Alirudi mbalamwezi ilipoanza, siku nne baada ya mimi kumaliza dozi. Nilimpa karatasi ya zahanati ya kumwita akatibiwe, akasema yeye haumwi popote. Aliondoka wiki tatu zilizopita na sasa uchafu umerudi. Mdogo wangu ana vidonge alivyobakiza. Nivinywe, au nikapime tena? Lile benchi la zahanati linanitia aibu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kapime tena, na uende wiki hii. Vidonge vya mdogo wako viache: hujui vilitolewa kwa ugonjwa gani, na dozi nusu humpa mdudu nafasi ya kuizoea dawa. Kisonono kimeshazizoea kadhaa kwa namna hiyo.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikihesabu siku. Ulimaliza dozi, ukapona, akaja. Dawa uliyopewa sidhani ilishindwa. Ninavyoona, umeambukizwa upya. Mwanamume anaweza kukaa na magonjwa ya zinaa kama trikomonasi au klamidia miezi mingi bila kuona tone la usaha, kwa hiyo anaposema haumwi huenda anasema kweli na bado anao. Ila siwezi kuapa kwa barua. Mara ya kwanza ulitibiwa kwa kufuata dalili, bila maabara. Ni njia nzuri, lakini dalili zikirudi, omba wachukue majimaji ukeni kwa pamba wayatazame kwa darubini. Kama kituo kina kipimo cha vinasaba cha kisonono na klamidia, kikubali. Kingefanywa siku chache baada ya dozi kingeweza kuokota mabaki ya wadudu waliokufa na kukupa hofu bure, lakini wewe umeshapita mwezi.

Waambie pia wapime damu kwa kaswende. Kidonda chake hakiumi na hupona chenyewe, ukeni mtu hata hakioni, huku ugonjwa ukiendelea ndani.

Sasa VVU. Kipimo cha mwezi wa tano kilisoma maisha yako ya nyuma. Hakisemi lolote juu ya siku mlizolala pamoja mbalamwezi hii. Pima sasa, kisha urudie ikitimia miezi mitatu tangu mlipokutana mara ya mwisho bila kondomu. Silisemi kukutisha. Kati ya 1991 na 1994 nilikuwa nesi kijana huku huku mkoani Mwanza, ulipofanyika utafiti wa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Kwenye jamii zilizopata huduma ile, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40. Uke wenye vidonda au uvimbe humfungulia mlango kirusi. Ndiyo maana sikuachi ukae nyumbani na uchafu huo.

Kama hedhi imechelewa, waambie kabla hawajaandika dawa, maana zipo asizopewa mjamzito. Na ukisikia maumivu chini ya kitovu, au homa, usingoje kesho. Ugonjwa ukipanda kwenye mirija unaweza kukunyima mtoto.

Kuhusu benchi: fika mapema, mwite nesi pembeni, mwambie, "Nilitibiwa hapa, dalili zimerudi." Inatosha. Nimewapokea mamia waliosema hivyo, na niliwaheshimu kuliko wale waliojificha.

Mumeo usimwanzie na nani kamletea nani ugonjwa. Mwambie, "Nimetibiwa, umerudi, nimeumwa tena. Twende wote." Kwa hesabu yangu mbalamwezi nyingine iko karibu. Akishuka mtumbwini, mpeleke zahanati kabla hamjalala pamoja, mtibiwe wote, mkae siku saba bila kukutana. Mwanga wa mwezi ukiwa mkali dagaa hawafuati taa, naye kambini hana kazi. Siku hizo atakazokuwa nyumbani zinatosha kumaliza dozi.