Mtoto ana pumu ya ngozi na kila mtu anasema ni maziwa

Mama mwenzangu, kabla hujaacha chai ya maziwa na kabla hujabadilisha fomula ya mtoto kwa sababu ya ngozi yake, nisikilize kwanza, maana hili jambo limenikalisha macho usiku mwingi na mengi niliyoambiwa mtaani yalikuwa ni kupoteza hela tu.

Mwanangu wa pili pumu ya ngozi (eczema) ilimwanza akiwa na miezi kama mitatu, mashavuni, tena ilikuwa kipindi kile cha joto kali la Dar kwa hiyo kila aliyemuona akasema hiyo harara, mpake poda. Harara naijua, inakaa pale jasho linapojificha, shingoni, mgongoni, kwapani, na ukimpumzisha mtoto sehemu yenye upepo inatulia. Hii ilikuwa mashavuni na kichwani, ikashuka mpaka mbele ya miguu na kwenye mikono kwa nje, na haikujali feni wala nini. Alafu kitu ambacho nadhani wengi kinatupoteza ni zile picha za intaneti, unaona mtoto wa kizungu mashavu mekundu kabisa unasema aah wangu hana hii. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani sana, unaona ngozi imepauka kijivujivu, au imekuwa nyeusi zaidi kuliko pembeni, na ukipitisha kiganja unahisi vipele vidogo vidogo vinakwaruza. Usiku anasugua uso kwenye kifua changu mpaka asubuhi nakuta kanga ina vidoa vya damu.

Haya, maneno sasa. Mama mkwe akasema mwarobaini, shangazi akaleta liwa, na jirani mmoja (Mungu amsamehe) akauliza kwa sauti ya chini kama baba yake hajambemenda mtoto, ile imani kwamba tendo la ndoa la mzazi linamdhuru mtoto mchanga. Nilicheka ila iliniuma, maana kuna wadada wanaishi na hiyo aibu kwa ugonjwa ambao unatokana na ngozi aliyozaliwa nayo mtoto, mara nyingi kwenye ukoo utakuta kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya aleji, kwetu ni baba yake, akipita kwenye vumbi anapiga chafya mpaka machozi. Na wote hao, mwarobaini na liwa na kubemenda, walikutana kwenye neno moja: acha maziwa.

Dokta wa watoto ndo alinituliza. Akasema watoto wengi wenye pumu ya ngozi hawana aleji ya chakula kabisa, tatizo ni kwamba ngozi yao haishiki maji, inakauka, alafu vitu vya nje vinapenya kirahisi na kuiwasha. Kwa hiyo anza na ngozi, ukishaitunza vizuri kwa wiki kadhaa ndo utajua kama kuna kitu kingine nyuma yake. Na kusema kweli nikiulizwa sa hivi hilo ndo jibu langu la kwanza hata kabla sijauliza mtoto anakula nini.

Kuogesha: maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto kama tunavyopenda kuogesha vichanga, dakika tano mpaka kumi inatosha. Dodoki weka pembeni. Sabuni ya dawa ile yenye harufu kali ya hospitali usimguse nayo, wala ya kunukia, tafuta isiyo na pafyumu na uipake pale penye uchafu tu. Ukimtoa usimsugue na taulo, mguseguse tu abaki na unyevunyevu alafu hapohapo, ndani ya dakika chache kabla hajakauka, mafuta. Mafuta ya mgando ya kawaida kabisa yasiyo na harufu, mengi ya watoto yamejazwa pafyumu japo kopo lina picha ya katoto kazuri. Paka mengi, asubuhi na jioni na ukiona pamekauka katikati unarudia, unashusha mkono kufuata vinywele vinavyoelekea. Kopo linaisha haraka na ndo inavyotakiwa. Mafuta ya zeituni najua tunayapenda, ila yalipopimwa yalionekana yanadhoofisha ngozi badala ya kuilinda, yaache kwenye kachumbari.

Kwa wa Dar na Mombasa na Tanga, mchana wa joto mafuta mazito yanaweza kumletea na harara juu yake, mimi mchana nilikuwa natumia krimu nyepesi isiyo na harufu, mgando nauacha wa usiku. Nguo za pamba, sabuni ya unga suuza mara mbili, kucha fupi.

Sasa krimu za steroidi, zile dawa za kupaka za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi, hapa ndo kuna vita. Kuna wamama wanaziogopa kama sumu, mtoto anajikuna mpaka anatoka damu na tyubu iko kabatini haijafunguliwa. Na kuna wanaoenda duka la dawa wanasema nipe ya vipele wanapewa ile tyubu ya mchanganyiko, ndani ina steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria vyote pamoja, siku mbili ngozi safiii, ukiacha inarudi na hasira. Mimi nilishauziwa hiyo, muuzaji hata hakuniuliza umri wa mtoto. Steroidi kali ni ukoo mmoja na zile zinazowekwa kwenye mkorogo, ukimpaka mtoto usoni kwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba. Tuliyoandikiwa sisi ni haidrokotisoni ya asilimia 1, laini, kwa siku chache mpaka ngozi inakuwa nyororo alafu unaacha unaendelea na mafuta, ikirudi unaanza tena mapema. Kipimo: kamua kuanzia ncha ya kidole chako cha shahada mpaka mkunjo wa kwanza, hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Na krimu ya kienyeji isiyo na lebo wanayosema ni asilia tupu lakini inafanya maajabu kwa usiku mmoja, jiulize hayo maajabu yanatoka wapi.

Baada ya kama wiki mbili za kufuata hayo mtoto alikuwa analala na mimi nalala. Ilikuwa imepungua sana, haijaisha.

Alafu likizo yangu ya uzazi ikaisha, nikarudi kazini tukaongeza fomula, na hapo ndo maziwa yakaingia kweli kwenye stori, sio kwa ngozi tu. Choo kikaanza kuwa na makamasi, siku moja nikaona na vijinyuzi vya damu, anajinyonganyonga akishanyonya chupa, na mashavu yakachachamaa upya. Hiyo ndo tofauti. Ngozi peke yake isikufanye ukimbilie maziwa, lakini ngozi mbaya iliyoanza mapema sana na haisikii matibabu, pamoja na tumbo linalosumbua, hapo mwambie dokta.

Aleji ya maziwa ya ng'ombe iko ya aina mbili. Kuna inayokuja fasta, dakika chache mpaka kama masaa mawili, mtoto anatoka mabaka yaliyovimba, midomo inajaa, anatapika, anakoroma kifuani. Ukiona midomo imevimba au anapumua kwa shida usisubiri bodaboda ya bei nafuu, kimbia hospitali. Ya pili ni ya pole pole, masaa mpaka siku mbili tatu, ndo hiyo ya choo na tumbo na ngozi, na hii kipimo cha damu hakiioni, kwa hiyo ukishauriwa ulipie vipimo vya vyakula arobaini kwa mpigo jua kwamba havitakupa jibu la hilo. Jibu linapatikana kwa kuondoa maziwa wiki mbili mpaka nne, na kisha kuyarudisha.

Kuondoa maana yake na mama anayenyonyesha anaondoa. Chai ya maziwa, mtindi, samli kwenye pilau, aiskrimu, jibini, chokoleti, maandazi yaliyokandwa na maziwa. Vya pakiti ndo mtihani, nilikuwa nasimama dukani kwa Mangi nasoma biskuti moja baada ya nyingine mpaka akaniuliza dada vipi wewe ni TBS, wale wa viwango? Kwenye pakiti usitafute neno milk tu, ukiona whey, casein au butter ni maziwa hayohayo. Na wewe mwenyewe usijiue njaa, mama anayenyonyesha anahitaji kalsiamu kama miligramu 1000 kwa siku, dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanasaidia, ufuta, sukuma wiki, na dokta aliniongezea vidonge vya kalsiamu na vitamini D.

Kwenye chupa sasa. Maziwa ya mbuzi HAPANA, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe, karibu kila mwenye aleji ya moja inamkamata na ya pili, na hayafai kumlisha kichanga vyovyote vile. Fomula isiyo na laktosi nayo hapana, laktosi ni sukari na hii aleji ni ya protini. Soya kabla ya miezi sita haishauriwi, na wengine inawakataa pia. Inayotakiwa ni fomula maalum ambayo protini zake zimevunjwavunjwa kabisa, ni ghali na ina harufu kama dawa, kuna nyingine imeandikwa HA ila hiyo imevunjwa nusunusu, haitibu kitu. Bei ilivyo, mimi niliamua kukamua maziwa yangu kazini, nafunga mlango wa stoo nakamua, naweka kwenye chombo chenye barafu, fomula nikaiacha kabisa.

Choo kilitulia ndani ya wiki mbili. Wengi wanaishia hapo, wanasema tumeshajua, wanakaa miaka mtoto hajaonja maziwa. Usiishie hapo, maana pumu ya ngozi inapanda na kushuka yenyewe, unaweza kusifia maziwa kuondoka kumbe ni hali ya hewa. Nikarudia chai ya maziwa kama nilivyoelekezwa, siku ya pili makamasi yakarudi. Ngozi? Ilichafuka kidogo tu. Kwa hiyo kwetu maziwa yalikuwa ni ya tumbo zaidi, na ngozi ilikuwa na kesi yake yenyewe, bado inahitaji mafuta kila siku. Ila angalizo, kama mtoto aliwahi kupata ile ya fasta, huko kurudisha kunafanyika hospitali tu, sio jikoni kwako.

Kitu kingine, ngozi ikianza kutoa maji na magamba ya njano ni bakteria, nenda kliniki. Vikitokea vilengelenge vidogo vinavyofanana, vinauma na mtoto ana homa, nenda siku hiyohiyo, na kwa kuwa virusi vyake ni vilevile vya kidonda cha homa cha mdomoni, mtu mwenye kidonda hicho asimbusu mtoto hata kama ni bibi.

Alipofika miezi sita nilitaka nimcheleweshee mayai na karanga kwa uoga, dokta akakataa. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2015 ulionyesha watoto wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya mayai walioanzishiwa karanga mapema walipata aleji ya karanga kidogo sana kuliko walionyimwa. Kama ngozi ni mbaya sana ongea na dokta kwanza, na karanga iwe imesagwa laini kwenye uji, punje nzima inampalia. Wangu uji wa karanga anaulilia.

Maziwa yenyewe wengi wanayazoea wakikua, unapanda ngazi pole pole kuanzia vilivyookwa. Tulianza na kipande cha biskuti yenye maziwa, tukaja keki, sa hivi tuko kwenye mkate wa maziwa na choo kiko sawa. Mtindi tulijaribu mwezi uliopita tumbo likagoma, dokta kasema tusubiri miezi mingine kadhaa.