Imeili zikienda spamu kwenye seva ya domeini nyingi, usianze kupapasa

Wadogo zangu mnaoanza kazi za seva, hii nawapa mapema msije mkaipata kwa njia niliyoipata mimi. Nilikuwa na seva moja, IP moja, domeini kumi na moja za wateja wadogo wadogo, Postfix (inayotuma barua) na OpenDKIM (inayozitia saini ya kidijitali iitwayo DKIM), kila kitu kinatembea tu vizuri mpaka Jumatatu moja akanipigia mama mwenye loji kule Moshi. "Mwanangu, wageni wanasema invoisi hawajaiona, mmoja kaikuta kwenye spamu, sasa atatuma vipi hela kwenye akaunti aliyoiokota jalalani?" Sikuwa na jibu la kumpa mama wa watu.

Nilichofanya baada ya hapo ni kuparamia. Nikahariri SPF (rekodi ya domeini inayosema seva zipi zinaruhusiwa kutuma barua zake), nikawasha upya Postfix, nikapunguza picha kwenye sahihi ya imeili yake, halafu nikamwandikia jamaa anayetukodishia seva aniwekee PTR (rekodi inayotoa jina la IP) kwa kila domeini. Huyu alinicheka kistaarabu, na alikuwa na haki, maana PTR ni ya IP wala siyo ya domeini. IP yako inarudisha jina moja la seva, jina hilo ukiliuliza DNS (daftari la majina na IP za mtandao) linakurudisha kwenye IP ile ile, na Postfix inajitambulisha kwa jina hilo hilo inapopiga hodi kwa wenzake, basi imetosha, domeini hata hamsini zitatoka na jina hilo na hakuna atakayelalamika. Nimeona vijana wanapoteza siku tatu hapa.

Kitu ambacho ningetakiwa kuanza nacho kinachukua dakika mbili. Mwambie mteja atume imeili kutoka kwenye boksi lake, narudia, lake, siyo wewe utume ya majaribio kutoka root (akaunti ya msimamizi wa seva), aitume kwenye Gmail yako, halafu ufungue ule ujumbe mzima na heda zake (maelezo ya kiufundi yaliyo juu ya ujumbe) utafute mstari wa Authentication-Results. Hapo Gmail wanakwambia wenyewe walichokiona. Ya mama ilikuwa hivi: spf=permerror, na dkim haikutajwa kabisa. Nikatuma ya domeini nyingine kutoka seva hiyo hiyo, spf=pass, dkim=pass. Asee nilikaa nikaangalia hiyo mistari miwili, ndo nikaelewa kwamba seva kwa ujumla haina tatizo, tatizo liko kwenye mipangilio ya domeini yake, na siku nzima nilikuwa nahangaika na seva.

Hiyo permerror, yaani rekodi ya SPF ina kosa, ilikuwa rahisi. Aliyemtengenezea tovuti alimuunganishia huduma ya kutuma matangazo, wakamwambia ongeza rekodi ya SPF, naye akaongeza kweli, ya pili. Domeini inatakiwa iwe na rekodi moja tu inayoanza na v=spf1, zikiwa mbili mpokeaji hachagui iliyo nzuri, anaona makosa basi. Unaziunganisha kwenye mstari mmoja, na ukiunganisha hesabu hizo include (zinazovuta SPF za huduma nyingine), kwa sababu SPF inaruhusu maulizo 10 tu ya DNS, ukipita hapo unarudi kwenye permerror ile ile.

DKIM ndo ilinitoa jasho. Ufunguo upo, rekodi iko DNS, opendkim-testkey inasema sawa, lakini barua inatoka bila saini. Nimezunguka mpaka saa nne usiku. Kumbe kwenye SigningTable (faili linalosema ufunguo upi usaini domeini ipi) domeini za zamani nilikuwa nimeandika jina tupu la domeini, hizi mpya nikaiga mahali nikaandika na nyota mbele, *@ halafu domeini, na nyota hiyo haifanyi kazi mpaka kwenye opendkim.conf uandike refile: kabla ya njia ya faili. Mimi nilikuwa na file: tu. Kwa hiyo za zamani zinasainiwa, mpya zinapita uchi, na logi haipigi kelele yoyote maana kwake yeye hakuna kilichoharibika, hajaona tu wa kumsainia. Domeini nne zilikuwa hivyo na ni mama peke yake aliyelalamika!

Fomu za tovuti nazo ziangalieni. Mtu anajaza "wasiliana nasi", programu ya fomu inaweka anwani ya Gmail ya huyo mgeni kwenye From, yaani seva yako inajifanya Gmail. Weka From ya domeini yako, ya mgeni iende kwenye Reply-To. Imeisha hiyo.

Sasa hata ukiweka sawa vyote hivyo, kumbuka mnakaa nyumba moja. Wiki mbili baadaye domeini zote kumi na moja zikaanza kugoma kwa pamoja, na heda zote ni pass. Ukiona pass kila mahali na bado mnatupwa, acha DNS, nenda kapige mailq, amri inayoonyesha foleni ya barua. Mimi nilikuta foleni ya maelfu, zote za akaunti moja ya mhasibu wa mteja mwingine kabisa, paswedi yake ilikuwa jina la kampuni na mwaka. Imeili zilikuwa zinapita na saini yetu safi ya DKIM, kwa hiyo uchafu ulikuwa umesainiwa na mimi.

Nikabadilisha paswedi, nikafuta foleni, nikakimbilia Spamhaus, wanaotunza orodha za IP zinazotuma spamu, kuomba IP itolewe kwenye orodha. Ikatolewa. Kesho yake asubuhi tukarudi tena, kwa sababu mhasibu hakuwa peke yake, kulikuwa na boksi la pili la ofisi ile ile lenye paswedi ile ile. Ombi la pili nililiandika baada ya kukaa siku nzima naangalia logi, nikiwa nimeshaweka kikomo cha barua kwa saa kwa kila akaunti, maana niliona aibu kuomba mara ya tatu.